Dereva Mkongwe Anayehesabiwa Mgeni Kazini

Basi linakohoa mara mbili, kisha linanyamaza. Dereva wake ni Hamdan Abdelkarim. Anateremka polepole kutoka kwenye kiti chake, mkono mmoja umeshika mlango, mguu wa kushoto ukitangulia kutafuta ardhi, kwa kuwa goti la kulia halikubali tena kubeba mwili asubuhi mapema.

Ni Julai 1958, hapa Kawangware, na jua halijatoka. Manyunyu ya usiku yamegeuza barabara kuwa uji mwekundu. Dereva anavuta hendeli kutoka chini ya kiti, anaichomeka mbele ya injini na kuizungusha kwa nguvu za mabega. Injini inashika, inaachia, inashika tena. Basi zima linatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Panda! Panda twende!" anaita kondakta wake, Thuo, akipiga ubavu wa basi kwa kiganja.

Wanapanda wapishi wanaokwenda kwenye majumba ya Wazungu, watunza bustani, na vibarua wa Eneo la Viwanda waliojifunika magunia vichwani. Mama mmoja, Wagaki, anauliza kama kuna nafasi ya viazi vyake.

"Weka juu, mama," Thuo anamjibu. "Lakini ukisinzia ukapita soko, huyu mzee atakwenda navyo mpaka gereji."

Watu wanacheka. Hamdan amekwisha kurudi kwenye usukani, anapangusa kioo kwa kitambaa na kutazama mbele. Tangu atoke kwake Kibra hajatia kitu tumboni. Ametembea kwa miguu kufuata reli hadi gereji ya kampuni, akasimama langoni kungoja karani amwite, akapewa basi, akalileta huku likiwa tupu. Kazi ambayo kampuni inamlipa ndiyo kwanza inaanza.

Ana umri wa miaka arobaini na saba. Usukani wa mabasi ya kampuni hii aliushika kwa mara ya kwanza mwaka 1946, alipotoka vitani. Madereva karibu wote wa gereji ile wamepita mikononi mwake. Hata hivyo, kwa hesabu ya kampuni, yeye ana miaka mitano tu kazini.

"Kwa kampuni mimi ni kijana," anasema bila kutabasamu. "Miaka yangu mingine imekwenda."

*

Hamdan ni mzaliwa wa Kibra. Baba yake, Abdelkarim, alikuwa miongoni mwa askari wa Kisudani walioletwa na serikali, na walipomaliza utumishi wakaonyeshwa msitu huu na kuambiwa wajenge. Wakakata miti, wakalima, wakafuga, wakazaa. Nyumba ya Hamdan iko Kambi Muru: kuta za udongo zilizopakwa vizuri, bati lililoshika kutu, na uani mpapai mmoja.

Udereva aliujifunza jeshini. Aliendesha malori ya risasi Uhabeshi, kisha Burma, katika njia ambazo upande mmoja ulikuwa mlima na upande wa pili hakuna kitu. Alirudi mzima, na katika majuma yale ya kwanza kampuni ya mabasi ikamchukua.

"Walinijaribu mara moja tu," anakumbuka. "Yule bwana aliniambia niteremshe basi kwenye mteremko. Nikateremsha. Akasema, kesho njoo."

Huko kuambiwa kesho njoo ndiko kulikokuwa mkataba wake. Tangu siku hiyo alihesabiwa mtu wa kutwa, na leo hulipwa shilingi saba kwa siku anayoendesha. Siku asiyoendesha hana kitu. Akiugua hana kitu. Basi likiharibika gereji wakakosa jingine la kumpa, hurudi nyumbani kwa miguu kama alivyokuja.

Mkewe, Mabrouka, amezoea kusikiliza hatua zake nje kabla hajamwona.

"Nikisikia anakuja asubuhi, najua leo basi hakuna," anasema, vidole vyake havikomi kusuka tabaga, yale masinia ya ukindu ya rangi rangi ambayo wanawake wa Kinubi hufunikia vyakula. "Simwulizi. Nachemsha chai. Nikimuuliza ataona haya, na mimi nitaona haya kwa ajili yake."

Tabaga zake ndizo zilizomweka binti yao, Sitelbanat, shuleni kwa miaka mitatu. Mabrouka halisemi hilo kwa majivuno. Analisema kama mtu anayetaja mvua ya jana.

Wala nyumba hawana hakika nayo. Watu wa Kibra wanaishi hapa kwa ruhusa, na kila baada ya miaka michache husikika habari kwamba watahamishwa. "Kazi si yetu, ardhi si yetu," anasema Mabrouka. "Baba Sitelbanat akiniambia tujenge jiko la mawe, namwambia tungoje kwanza."

*

Jambo lililomfanya Hamdan mgeni kazini lilitokea mwaka 1953.

Mama yake, Fatna, alikuwa amehamia Kibos, karibu na Kisumu, kukaa na ndugu zake. Siku moja alasiri mtu aliyeshuka kwenye gari moshi alimfuata Hamdan kituoni mjini na kumwambia kuwa mama hawezi, na kama anataka kumkuta, aondoke leo.

Hamdan alilirudisha basi gereji, akaenda kwa karani wa lango. "Nilimwambia, mama yangu anakufa. Akaniambia, nenda mzee, pole sana. Nikaenda. Mimi nilidhani huko ndiko kupewa ruhusa."

Alifika Kibos mama amekwisha kuzikwa. Kwa dini yao maiti haikawizwi. Alikaa na ndugu, akapokea mkono wa rambirambi, akapanda gari moshi akarudi. Siku ya nne tangu aondoke alisimama langoni kama kawaida. Karani hakumwita.

Alingoja mpaka mabasi yote yakatoka. Kisha akaenda kwa meneja, Mzungu mmoja mrefu aliyejifunza Kiswahili chake mashambani. Mazungumzo yao Hamdan anayarudia neno kwa neno.

"Wewe nakwenda wapi siku tatu?"

"Kumzika mama, bwana."

"Nani natoa ruhusa?"

"Nilimwambia karani."

"Karani hapana meneja. Kofia yako napewa mtu mwingine."

Bila kofia ya kampuni hakuna kazi, akakaa nyumbani majuma mawili. Kisha dereva mmoja akaacha kazi, na Hamdan akaitwa tena. Alifurahi, anakiri, hata akamshukuru yule meneja. Hakujua kwamba siku ile alikuwa anaandikwa upya, na kwamba miaka saba ya nyuma ilikuwa imefutwa.

Thuo naye ana habari yake. Ni mwenyeji wa Kawangware, ana kipande cha shamba alichorithi, kinachotosha mahindi ya kuchoma na mboga za mkewe, Wangoi. Alikuwa kondakta tangu 1949. Mwaka 1954, Wakikuyu wa mjini walipokusanywa kwa malori kupelekwa kizuizini, alishushwa kwenye basi la Hamdan akiwa na mkoba wa tiketi begani.

"Nilimtazama kwenye kioo," Hamdan anasema. "Aliuvua ule mkoba akauweka juu ya kiti taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akashuka. Mimi nikaambiwa, endesha."

Kwa miezi mingi baada ya hapo Hamdan alifanya kazi ya watu wawili. Aliendesha, akasimama, akakata tiketi, akaendesha tena. Mshahara ulikuwa ule ule wa mtu mmoja. Thuo aliporudi kutoka kizuizini, mwaka 1956, hakuwa amekutwa na kosa lolote, ila kampuni ilimwambia kwamba ni mtu mpya.

"Nilimwona mzee yuko pale pale, kwenye basi lile lile," anasimulia Thuo. "Nikamwambia, mimi ni mpya. Akaniambia, karibu, hata mimi ni mpya."

*

Februari mwaka huu kampuni ilitangaza jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wamelidai kwa muda mrefu. Dereva au kondakta aliyetimiza miaka kumi mfululizo angekuwa mtu wa kudumu. Angelipwa kwa mwezi, shilingi mia mbili na arobaini kwa dereva, awe mzima au mgonjwa. Angekuwa na likizo. Na siku ya kustaafu angepewa kitu mkononi.

Asubuhi ya kuitwa majina, Mabrouka alimfulia mumewe koti la kazi na kulipiga pasi. Hamdan alisimama mbele kabisa, karibu na lango. Karani aliita jina la kwanza, la pili, akaendelea. Akaita Ishmael, dereva wa kutoka magharibi ambaye Hamdan mwenyewe alimfundisha kubadili gia mlimani bila kuitesa injini. Kisha akafunga daftari.

"Nilidhani amekosea," Hamdan anasema. "Nikangoja ageuze ukurasa."

Ishmael, ambaye sasa ana umri wa miaka thelathini na mitano, anaikumbuka asubuhi hiyo kwa uchungu wake mwenyewe. "Watu walikuwa wananipa mkono. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuficha uso. Mwalimu wangu amesimama pale na koti lake safi, na mimi ndiye nimeitwa."

Hamdan alipewa basi lake, akaenda Kawangware, akarudi. Alifanya safari zake zote za siku ile. Jioni alipofika nyumbani alivua koti, akalikunja, akamwambia Mabrouka neno moja tu: "Sikuitwa."

Lakini wengine hawakunyamaza. Ilikuja kujulikana kwamba waliorukwa walikuwa wengi kuliko walioitwa. Mmoja alikuwa ameugua kifua, mwingine mkewe alilazwa. Wengi walikuwa wameshushwa kwenye kazi mwaka wa malori. Kila mmoja alikuwa amerudi akaandikwa upya bila kuambiwa.

Simeon, katibu wa chama cha wafanyakazi wa mabasi, aliandika kwa kampuni mara mbili bila kujibiwa. Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, karani alipoita majina, madereva walichukua funguo, wakaenda kwenye mabasi yao, wakakaa. Hakuna aliyewasha injini.

Wa kwanza kushuka na kuuweka ufunguo wake juu ya meza ya karani alikuwa Ishmael, mtu ambaye tayari alikuwa ameajiriwa kwa kudumu.

"Karani aliniambia, wewe una wazimu, utapoteza kila kitu," anasema Ishmael. "Nilimwambia, kama siku tatu za kuzika zinaweza kufuta miaka saba ya yule mzee, basi hiki mlichonipa mimi nacho ni cha kuazima."

*

Meneja alitaka kusema na watu wawili. Simeon aliingia kwa kazi yake ya ukatibu. Kwa nafasi ya pili wafanyakazi walipiga kelele jina la Hamdan, na Hamdan, ambaye anasema hajawahi kupenda kusema mbele za watu, alivua kofia akaingia.

Ndani kulikuwa na viti viwili, lakini hawakuambiwa wakae.

Simeon alieleza madai. Wanataka mtu akipatwa na msiba au ugonjwa, akatoa habari langoni, asihesabiwe ameacha kazi. Na wanataka miaka iliyofutwa irudishwe. Meneja alisikiliza, akamgeukia Hamdan.

"Wewe dereva mzuri. Mimi najua. Wewe taka nini?"

"Nataka miaka yangu, bwana."

Meneja akasema jambo ambalo hawakulitarajia. Miaka yote ya nyuma ya watu wote hawezi kuirudisha, kampuni itafilisika. Anaweza kufanya moja kati ya mawili. Ama amrudishie Hamdan miaka yake, peke yake, leo hii, na mabasi yatoke. Ama aweke sheria ya msiba na ugonjwa kwa watu wote, kuanzia leo kwenda mbele, na mambo ya zamani yasisemwe tena.

"Mimi hapana weza fanya yote mbili," alimaliza. "Chagua."

Simeon anasema alitaka kukataa hapo hapo, atoke nje awaambie watu wakae mpaka yote mawili yapatikane. Lakini uani polisi walikuwa wamekwisha kufika, na siku hizi za hali ya hatari mkusanyiko haumalizwi kwa maneno matamu. "Nilimtazama mzee. Nilimwambia, la kwako siwezi kukusemea."

Hamdan aliomba kutoka nje kidogo. Alimkuta Thuo ameegemea gurudumu la basi lao, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Chukua yako, mzee," Thuo alimwambia. "Wewe una umri. Sisi tutapambana."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea."

Wafanyakazi wengi wanapenda kuisimulia sehemu hii kana kwamba Hamdan alirudi ndani kifua mbele. Mwenyewe anaikataa habari hiyo. Alirudi ndani amechoka, anasema, na goti linamuuma. Hakuwa na neno kubwa moyoni.

"Nilifikiri juu ya kile kioo," anasema. "Kile cha kutazama nyuma. Kila siku ninapoendesha, Thuo yuko ndani ya kioo, anakata tiketi. Ningechukua yangu peke yangu, ningemtazamaje? Ningekigeuza kioo? Huwezi kuendesha basi bila kutazama nyuma."

Alimwambia meneja aweke sheria kwa wote. Karatasi ikapigwa taipu, ikasomwa nje mbele ya watu: mfanyakazi akipatwa na msiba au ugonjwa, akitoa habari langoni, kofia yake itamngoja siku saba, na hesabu yake haitakatika. Watu wakapiga makofi. Mabasi yakatoka, na la Kawangware lilikuwa miongoni mwa ya mwisho, kwa kuwa injini yake ilikataa kushika.

Nyumbani hakukuwa na makofi. Mabrouka aliposikia habari yote alitupa chini tabaga aliyokuwa akisuka.

"Nilimwambia, baba Sitelbanat, ulishika mkononi ukaachia!" anasema, na hata sasa sauti yake inapanda. "Miaka yote nakaa nasikiliza hatua zako, siku moja tu unapewa kitu, unawapa watu. Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu nikaona anajipaka mafuta goti peke yake, gizani, nikamnyang'anya kichupa nikampaka mimi."

Je, sasa amekubali? Mabrouka anaokota ukindu mwingine, anaulowesha. "Nimechoka kukasirika," anasema. "Hiyo ndiyo kusema nimekubali?"

Hamdan naye, akiulizwa kama alichagua vizuri, hachelewi kujibu. "Sijui. Siku nyingine nikipanda kile kiti nasema vizuri. Siku nyingine, mvua ikininyeshea pale kwenye reli, nasema Hamdan, wewe ni mjinga."

*

Kwa hesabu ya sasa atatimiza miaka kumi mwaka 1963. Thuo atangoja mpaka 1966. Kila mwaka daktari wa kampuni huwapima madereva macho na viungo, na anayeshindwa hupewa mshahara wa siku aliyoifanya na kuagwa. Mwaka jana Hamdan alipita. Mwaka huu daktari alimkunja goti mara mbili, akaandika kitu, hakumwambia ni nini.

Juma lililopita kondakta mmoja wa njia ya mashariki alirudi kutoka kwao Machakos, alikokwenda kumzika baba yake. Alikuwa amekaa siku tano. Alisimama langoni kwa wasiwasi, nyuma ya wenzake wote, na karani akaita jina lake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile hakuwahi kuondoka. Yule kondakta hakuitika. Ilibidi asukumwe begani.

Hamdan alikuwa juu ya kiti chake, injini inapata moto. Alitazama mpaka mtu yule alipovaa kofia. Kisha akatia gia.

Sasa ni saa sita, basi limesimama tena Kawangware kungoja abiria wa mchana. Thuo ameketi kwenye ngazi ya mlango, anakula viazi vitamu na kumpa mwenzake nusu. Manyunyu yamekatika, lakini jua la Julai halina joto.

Hamdan anasema anataka vitu vichache. Anataka Sitelbanat amalize masomo ya uuguzi aliyoyaanza. Anataka miaka mitano zaidi ya kuona vizuri, na goti hili lisimwaibishe mbele ya daktari. Akipata hayo ataingia kwenye kudumu, na jiko la mawe atalijenga, wahamishwe wasihamishwe.

Na miaka yake ya zamani? Si walikubaliana isisemwe tena?

"Tulikubaliana na yule bwana," anajibu, akifuta vidole kwenye kitambaa. "Desemba anakwenda kwao Ulaya, harudi. Atakuja mwingine. Simeon amekwisha kuniambia nijitayarishe. Huyo mpya akifika, nitampa juma moja apumzike na safari. Kisha nitavua kofia nimwendee, nimuulize."

"Na akikataa?" Thuo anauliza kutoka mlangoni, mdomo umejaa.

"Naye ataondoka siku moja," anasema Hamdan. "Piga kengele, twende."